Zege la Kahama na Michembe ya Shinyanga

Uhakiki wa chakula, kama unavyoandikwa katika magazeti ya Dar es Salaam, una desturi moja ambayo haijahojiwa vya kutosha. Mhakiki huingia katika mgahawa wenye matawi mengi, aghalabu wa pizza au wa kuku wa kukaanga, huagiza, huonja, kisha huuliza swali lile lile: je, pizza hii ni sawa na ile ya London au ya Johannesburg? Akiona inafanana, husifu. Akiona jibini imepungua au unga umekuwa mzito, hulalamika kwamba tawi la nyumbani halijafikia kiwango. Swali la pili halimjii kabisa: je, chakula hiki kinajua kimepikiwa wapi?

Swali hilo linafaa liulizwe mbali na pwani, kule ambako pizza bado ni neno la kusikia lakini mnyororo mwingine wa migahawa umekwisha kufika zamani. Msafiri anayeshuka basi Kahama saa tatu usiku, au Geita mjini, au penye stendi ya Shinyanga, hukuta kabati la kioo juu ya meza ya bati, taa imewashwa ndani yake, mlima wa chipsi zilizokwisha kukaangwa nusu, trei za mayai zimepangwa kama ghorofa, karai la mafuta juu ya jiko la mkaa, na kijana mwenye upawa wa matundu. Hapana bango la kampuni, hapana makao makuu, hapana hisa wala mwenye hisa. Hata hivyo orodha ya vyakula ni ile ile kutoka Tanga hadi Kigoma: chipsi kavu, chipsi mayai, chipsi kuku, mishikaki. Masharti yake hayakuandikwa popote, na hakuna masharti yanayotiiwa kuliko hayo. Huu ndio mnyororo wa kitaifa wa migahawa wa Tanzania, nao wahakiki wameupita kando wakikimbilia jibini.

Basi na uhakikiwe, tena kwa haki, maana chakula chake si cha kudharauliwa. Mayai mawili huvunjwa ndani ya kikombe, hutiwa chumvi, hupigwa kwa kijiko mpaka yatoe povu. Chipsi hutandazwa katika kikaango, mayai humiminwa juu yake, na yanaposhika, sahani hufunikwa juu na vyote hupinduliwa kwa mkupuo mmoja ambao mwanafunzi wa kazi hiyo huujutia mara kadhaa kabla ya kuumudu. Ukingo hukauka na kuwa mkavu mkavu, katikati hubaki laini. Vijana wa mitaani wameliita zege, na jina halikukosea: chipsi ni kokoto, yai ni saruji. Kuna kachumbari pembeni, kuna pilipili, kuna sosi nyekundu ambayo wekundu wake umezidi nyanya yake, na kuna njiti mahali pa uma. Chakula hupikwa mbele ya macho ya mlaji, jambo ambalo migahawa mingi ya kifahari haithubutu. Bei yake inalipika na dereva, muuguzi na mwanafunzi. Mtu mwenye njaa ya safari hawezi kukilaumu.

Ila mhakiki hana budi kusema na upungufu. Mafuta ni ya tangu asubuhi, na mara nyingine ni ya tangu jana. Rangi yake husema kabla ya ulimi. Hilo ni dogo, hurekebishika kwa chupa moja mpya. Kubwa ni kwamba mlaji akifumba macho hawezi kusema kama yuko Kahama au Korogwe. Viazi vyenyewe vimetoka Mbeya na Njombe, vimevuka mikoa kadhaa ndani ya magunia ya lumbesa, yale yanayofungwa kilemba juu ya mdomo wake, hadi kufika katika Kanda ya Ziwa, ambayo ni miongoni mwa sehemu zinazolima viazi kwa wingi mkubwa nchini. Lakini viazi inavyolima ni vya namna nyingine, navyo havina nafasi ndani ya kabati la kioo.

Maana Usukumani kuna kiazi kitamu. Hupandwa juu ya matuta makubwa, na kikivunwa, mvua zikiwa zimekwisha, wanawake hukimenya, hukikata vipande vyembamba na kuvianika juani, mara nyingi juu ya yale majabali yaliyotapakaa kuanzia Shinyanga hadi ufukoni mwa Ziwa Viktoria, mpaka vikauke na kulia vikigusana. Hiyo ndiyo michembe. Kiazi kikichemshwa kwanza, kisha kikakatwa na kuanikwa, huwa matobolwa: rangi yake hukolea, nje hushupaa kidogo, na utamu wote hujikusanya ndani. Mchunga ng'ombe huyatia mfukoni asubuhi, akayatafuna hadi jioni. Ama michembe, hurudi chunguni. Huchemshwa taratibu na karanga zilizotwangwa, karanga zikatoa mafuta yake, kiazi kikatoa sukari yake, na rojo inayobaki ikawa na ladha ambayo kiazi kibichi hakina wala hakiwezi kuwa nayo, kwa kuwa ni ladha ya siku nyingi za jua. Pembeni pawe na maziwa mgando ya kibuyu, mlo umetimia. Lau kitu hiki kingetengenezwa katika kijiji cha Italia, mhakiki wa Dar es Salaam angekijua kwa jina na angejifunza kulitamka sawasawa.

Na hiki ndicho kisichopatikana. Mgeni anaweza kulala Shinyanga wiki nzima, akala asubuhi, mchana na jioni katika nyumba za wageni na migahawa ya mjini, asikutane na michembe ila sokoni, ikiuzwa kwa sado na kwa debe kama vile inavyouzwa mbegu. Orodha ya chakula iliyotiwa plastiki humtajia chipsi, wali, ugali, kuku, samaki, maharage. Akiuliza michembe, mhudumu hucheka. Si kicheko cha dharau, ni cha mtu aliyefumaniwa. Hicho ni chakula cha nyumbani, husema.

Watetezi wa zege wana hoja, nazo zisikilizwe. Ya kwanza ni kwamba watu wamekwisha kuchagua kwa mifuko yao. Lakini mkono hauchagui kisichokuwapo mezani. Mlaji wa Kahama hajapata kuwekewa sahani mbili, moja ya zege na moja ya michembe na karanga, kila moja na bei yake, akaambiwa achague. Amewekewa moja, kisha kula kwake kukahesabiwa kuwa ni kura.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: michembe huchukua muda na mkaa, ilhali chipsi huwa tayari kabla abiria hajamaliza kuhesabu chenji. Ni kweli. Ila maharage nayo huchukua saa nyingi na mkaa mwingi, na hakuna mama ntilie katika ukanda mzima wa dhahabu asiyekuwa na sufuria ya maharage. Hupikwa alfajiri, hukaa motoni, hupakuliwa kwa dakika moja. Kinachowezekana kwa maharage kinawezekana kwa michembe, na wanawake wa Usukumani hawahitaji kufundishwa na mtu jinsi ya kuamka mapema.

Hoja ya tatu hupenda kutolewa na wasomi: kwamba kuulilia uasilia ni upuuzi, kwani kiazi kitamu chenyewe kilitoka Amerika kama kiazi mviringo kilivyotoka Amerika. Naam, vyote viwili vilivuka bahari, pamoja na mahindi, mihogo, karanga na nyanya. Nyanya hiyo hiyo ilivuka bahari kwenda Italia, na bila yake pizza isingekuwa pizza hii inayojulikana. Kwa hiyo ugomvi huu haukupata kuwa wa nasaba ya mbegu. Ni ugomvi wa kazi ya mikono. Mbegu ya kigeni ilipofika Usukumani, watu waliitazama nchi yao yenye kiangazi kirefu, wakatazama jua lao na mawe yao, wakabuni namna ya kukihifadhi kiazi hadi mvua nyingine. Huo ni upishi uliojibu swali la mahali. Zege halijaulizwa swali lolote na Shinyanga. Limefika na jibu lililokwisha kukaangwa.

Kisa cha pizza yenyewe kingemsaidia mhakiki kama angekisoma. Ilikuwa mkate wa watu wa hali ya chini katika mji wa bandari wa Napoli, ukiuzwa njiani na kuliwa kwa mkono. Kampuni ya Pizza Hut, ambayo jina lake limekuwa kipimo katika miji mingi ya Afrika, ilianzishwa mwaka 1958 na ndugu wawili huko Wichita, jimbo la Kansas, nchini Marekani, mbali kabisa na Napoli. Mnyororo huo na wenzake walipokwisha kuitawanya pizza duniani, watu wa Napoli hawakukaa kujiuliza kama pizza yao inafanana na ya Wichita. Mwaka 1984 waliunda chama cha kulinda namna yao ya kuipika, wakaandika masharti ya unga, ya nyanya na ya moto. Mwezi Desemba 2017 UNESCO ikaiingiza sanaa ya wapishi wa pizza wa Napoli katika orodha ya urithi wa wanadamu usioshikika. Chakula cha maskini kikawa heshima ya mji, na hakikubadilishwa jina wala kuvishwa suti. Mhakiki anayeikumbatia pizza huku akiionea haya michembe hajaielewa hata hiyo pizza.

Wala wasomaji wa visiwani wasilitazame jambo hili kama tamasha la bara. Pwani ina sehemu yake katika aibu hii, kwani ndiyo iliyozoea kukiita ushamba kila isichokijua, na mtoto wa Kisukuma aliyepelekwa shule mjini alijifunza upesi kuficha matobolwa ndani ya sanduku. Tena pwani yenyewe imefanywa vivyo hivyo. Pale Forodhani, katika bustani iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati, donge la unga hutandazwa likawa jepesi kama kitambaa, likatiwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, likakunjwa na kukaangwa juu ya bamba la chuma. Wazee waliliita mantabali, neno lenye nasaba na mutabbaq la Waarabu, yaani kilichokunjwa. Leo mabango yanasema pizza ya Zanzibar. Haina tanuri, haina hamira, haina uhusiano na Napoli. Imeazima jina ili mgeni asiulize, na mgeni kweli haulizi. Hula, hupiga picha, huenda zake akidhani kwamba Unguja ilijifunza kutoka Italia. Sasa hutiwa hata ndizi na chokoleti. Walau mantabali imebaki mezani, ingawa jina limepotea. Michembe ina jina, haina meza.

Kwa nini basi aibu hii ikawa kali zaidi katika nchi yenye dhahabu? Sababu moja ni ukame. Michembe ni chakula kinachosubiri, na kwa miaka mingi mvua za Shinyanga zilipokosekana, ndicho kilichokuwa ghalani. Kiliokoa watu, na ujira wake ukawa kuitwa chakula cha njaa. Kukila mbele za watu kukawa kama kukiri kwamba nyumbani hakuna kitu.

Sababu nyingine ni dhahabu yenyewe. Geita ilichimbwa tangu enzi ya ukoloni, mgodi ukafungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa leo ukaanza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na Buzwagi, jirani na Kahama, mwaka 2009, kisha uchimbaji wake ukakoma na shughuli za kuufunga zikaanza mwaka 2021. Miji ikajaa watu kwa kasi ambayo shamba haliwezi kuifuata, na mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Mtu aliyekuja kwa dhahabu hula kama abiria. Huona mji kuwa stendi kubwa, naye hutafuta chakula cha stendi, kile kile alichokiacha alikotoka, ili asisumbuliwe na habari za mahali alipo. Mji unaomtumikia mtu wa namna hiyo peke yake huishia kutojua harufu ya jikoni kwake.

Afadhali machimboni kwa wachimbaji wadogo, Mgusu, Nyarugusu au Rwamgasa, kuliko mjini. Huko mama ntilie huifuata rashi. Leo yupo hapa, mwezi ujao yuko kilima cha pili, sufuria kichwani. Karibu na maduara na kelele za makarasha hupika ugali, maharage na dagaa wa ziwani, na wengi wa wateja wake hula kwa mkopo mpaka mawe yasagwe na dhahabu ionekane. Huyu ni mwekezaji kuliko wengi wanaoitwa kwa jina hilo: hutanguliza mtaji wake wote, na mawe yakiwa matupu, hasara ni yake. Chakula chake kinalijua ziwa kwa kuwa dagaa ni wa ziwa. Lakini hata yeye hathubutu kuipakua michembe, ingawa ndiyo aliyokulia.

Ndani ya uzio wa migodi mikubwa hali ni nyingine. Wafanyakazi hulishwa katika mabwalo yanayoendeshwa na makampuni ya upishi. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini zinataka bidhaa na huduma zinazopatikana nchini zipewe kipaumbele, na ni kanuni njema. Ila kanuni huhesabu umiliki na kilo; haina ulimi. Kiazi cha Njombe ni bidhaa ya Tanzania, na kikikaangwa Geita kila siku ya Mungu, sheria imetimizwa hadi nukta ya mwisho, na mkulima wa matuta aliye upande wa pili wa uzio hajauza hata debe. Halijatakiwa jambo zito. Sufuria moja ya michembe na karanga kwa juma, katika bwalo lenye mamia ya walaji, ingekuwa soko ambalo wanawake wa kijiji kizima hawajapata kuliona.

Na asitokee mtu wa kusema kwamba Wasukuma hawawezi kurudisha kitu cha kale bila kuchekwa, kwa sababu wamekwisha kufanya hivyo mbele ya ulimwengu. Ngitili, ile desturi ya kutenga sehemu ya malisho isiguswe hadi kiangazi, ilikuwa imekaribia kufa. Ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, mwaka 1986, zilizokuwa zimesalia na kuandikwa zilikuwa hekta 600 hivi. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilihesabiwa zaidi ya hekta 300,000, miti ikarudi, nyuki wakarudi, na mwaka 2002 mradi ukapata tuzo ya kimataifa ya Equator. Wataalamu walikuja na madaftari, wakaliandika neno ngitili kama lilivyo, bila kulitafutia jina la Kizungu la kulipamba. Hakuna aliyeiita ushamba. Chakula cha ng'ombe kikapata heshima ambayo chakula cha mwenye ng'ombe hakijaipata hadi leo.

Yapo maofisi, ni kweli, ambayo siku hizi huandaa viazi vitamu na magimbi ya kuchemsha wakati wa chai ya semina. Wenye kusherehekea jambo hilo wapunguze shangwe. Kiazi kimerudi pale kwa cheti cha daktari, kwa sababu ya hofu ya kisukari na shinikizo la damu. Kimewekwa pembeni mwa sambusa kama dawa, hakina chumvi, hakina karanga, hakina mpishi. Mlaji hukichukua akiwa na uso wa mgonjwa. Kupenda kwa ulimi hakujarudi.

Linalotakiwa ni dogo mno kiasi cha kutia haya kulidai. Ubao wa mgahawa mmoja Shinyanga, mwingine Kahama, mwingine Geita, uandikwe kwa chaki: michembe na karanga, bei yake hii, matobolwa na maziwa mgando, bei yake hii. Kijana wa zege aendelee na kikaango chake hapo hapo mlangoni, maana hana kosa na mkono wake ni mwepesi. Wala michembe isipewe jina jipya, isiitwe chipsi za Kisukuma, isiitwe chakula cha asili, ikatengwa kama kwamba vile vingine havina asili. Kisha mhakiki wa Dar es Salaam aje, aketi, ale, na akiona karanga zimekuwa chache au kiazi kimechemshwa haraka, aseme hivyo bila huruma.

Mpaka siku hiyo, atakayetaka kuiona michembe ikipewa heshima yake na aende stendi ya Shinyanga alfajiri, mabasi ya Dar es Salaam yanapopakia. Mama mmoja huja na kifurushi kilichofungwa vizuri ndani ya mfuko wa salfeti, humkabidhi kondakta, hulipia, hutaja namba ya simu ya mwanawe aliyeko mjini. Kondakta huuliza ndani mna nini, ili aandike. Mama huangalia kushoto na kulia, kisha hujibu kwamba ni nguo.